Baiskeli ya Mkwe

Baiskeli ilirudi kwa mara ya tatu. Ilirudi juu ya lori la makasha ya zabibu, imefungwa kamba ya katani kama mbuzi anayepelekwa mnadani, na aliyeiteremsha mbele ya karakana ni Joel, shemeji yake Sila. Joel alikuwa mtu mzima wa maneno machache. Kwao Makutupora walipenda kumtuma kwa sababu alichoambiwa ndicho alichofikisha, hakikuongezeka hata herufi.

"Shemeji, mama anashukuru sana. Lakini haijamkaa."

"Haijamkaa wapi?" aliuliza Sila.

"Hakusema."

"Na wewe hukumuuliza?"

Joel alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la aibu mbele za watu. "Nimuulize mama yangu mzazi baiskeli haijamkaa wapi?"

Sila aliipokea baiskeli, akaiegemeza ukutani pamoja na hasira yake, na Joel akapanda lori akaondoka. Mara ya kwanza ilikuwa hivyo hivyo, na mara ya pili hivyo hivyo. Asante nyingi, sababu hakuna.

Hapo inabidi niseme Sila alikuwa fundi wa namna gani, kwa maana wazibaji wa pancha Dodoma walikuwa tele na yeye hakupenda kuhesabiwa miongoni mwao. Sila alikuwa mshonaji, ila kitambaa chake kilikuwa chuma. Karakana yake ilikuwa pale Majengo, na hakukuuzia baiskeli kabla hajakupima: kutoka nyonga hadi kisigino, kutoka bega hadi kiganja. Kisha aliikata fremu, akaichomelea upya, akapandisha hiki na kushusha kile, na wewe ukapanda ukajiona umezaliwa juu yake. Ukutani alitundika vya kuvaa: kofia ngumu za mtumba, glovu zisizo na vidole, jezi za njano, na vibanio vya kubana suruali isiliwe na mnyororo. Na kila mwisho wa mwezi, Jumapili baada ya ibada, wateja wake walikusanyika hapo wakatoka pamoja msafara mmoja, na mwenyekiti wao, Gaudence, karani wa wizara, akipuliza filimbi.

Lakini hii ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara, na ruksa ilikuwa imeleta kila kitu. Ilileta mitumba, ilileta redio za kaseti, na mwaka ule wa tisini na nne ikaleta baiskeli za gia zenye rangi za kung'aa, zimepangwa mstari mbele ya maduka ya barabarani. Zote zilikuwa za kimo kimoja, utadhani binadamu wote tumetolewa kwenye tanuri la matofali. Watu walizipanda huku magoti yakigonga usukani, wakaziita za kisasa. Kwa Sila wateja walipungua wiki hadi wiki, mpaka akaanza kuzifuta vumbi zile kofia ili tu aonekane ana kazi.

Tumaini lake lilikuwa Makutupora. Kulikuwa na kina mama watano wa kwaya ya kanisa, wote wavunaji wa zabibu, waliotaka baiskeli za fremu ya chini na keria imara ya kubebea makasha. Walisema wazi kwamba kwanza wataona ya mwenzao wa sita, Mama Joel. Akiingia kanisani anaendesha, wote wataagiza kwa Sila. Asipoendesha, watanunua za gia. Na Mama Joel huyo alikuwa mama yake Ruthu, mkewe Sila. Alikuwa mkwe.

Ndipo ujue balaa lilipo. Mkwe hapimwi nyonga. Kwa heshima waliyolelewa nayo, Sila hakumshika mkono mkwe wake, hakula mbele yake, hakutamka jina lake, na wakikutana njiani yeye ndiye aliyeingia porini akampa mgongo mpaka mama apite. Miaka kumi na mmoja ya ndoa alikuwa ameishika heshima hiyo barabara, kiasi kwamba kama mkwe angepotea, Sila asingeweza kuwaambia polisi amefananaje.

Kwa hiyo vipimo vililetwa na Ruthu, kwa uzi wa katani wenye mafundo matatu. Kwa mafundo hayo Sila alitengeneza baiskeli ya kwanza, ikarudi. Akashusha siti, ikarudi. Akakata fremu yote, kazi ya siku nne, akaichomelea chini kabisa kama ya mtoto wa shule, nayo ndiyo hii imerudi leo.

"Ulipima vizuri?" alimuuliza Ruthu jioni hiyo.

"Nilipima ulivyoniambia."

"Basi kuna jambo hukuniambia."

Ruthu alikuwa akichambua mlenda. Mikono yake ilisimama kidogo, kisha ikaendelea. "Mimi nimekuletea uzi, Baba Hilda. Uzi una mafundo matatu. Unataka niongeze la nne?"

"Nataka mama yako aseme kama hanitaki." Sauti ya Sila ilipanda. "Aseme. Alianza na mtamba, sasa yuko kwenye baiskeli."

Mtamba huo sikupenda kuutaja, lakini yeye ameshautaja. Kati ya ng'ombe aliopeleka Sila kwa mahari, alikuwamo mtamba mmoja mwekundu, mzuri kuliko wote, aliyemchagua mwenyewe. Siku ya tatu mtamba alirudishwa. Mjumbe alisema, "Huyu mbadilishe," akanyamaza. Sila alimbadilisha, lakini lilimkaa kooni. Kwake maana yake ilikuwa moja: mama yule alimtakia binti yake mwalimu, akapata fundi, na kwa vile fundi hakurudishika, akamrudisha ng'ombe. Miaka kumi na mmoja baadaye, ukimwekea Sila kikombe cha pili cha pombe, lazima umsikie yule mtamba.

Ruthu alisema polepole, "Mama hajawahi kukusema vibaya. Hata siku moja."

"Hajawahi kunisema kabisa. Hilo ndilo linaloniua."

Akainuka akaenda karakana. Akaipaka baiskeli rangi mpya, ya kijani, asibadilishe hata skrubu moja, akairudisha Makutupora na lori la kesho yake. Ilikuwa kazi ya kisirani, si ya fundi, na alijua hivyo wakati brashi bado iko mkononi.

Ikafika sikukuu ya wakulima. Msafara ulikuwa utoke Majengo, upite Veyula ambako kina mama wa kwaya wangewasubiri, kisha wote pamoja waingie Makutupora kula. Ruthu alikuwa ametangulia tangu jana kusaidia kupika. Gaudence alivaa glovu zake na kofia iliyombana mpaka paji la uso likakunjamana.

"Fundi, ile project ya mama mkwe imefikia wapi? Leo ndiyo final."

"Puliza filimbi, mwenyekiti," alisema Sila.

Msafara ulikuwa na sheria moja isiyovunjwa, na aliyeiweka ni Sila mwenyewe: fundi hukaa mwisho. Yeye na spana zake huja nyuma ya wote, hampiti mtu, wala hamwachi mtu barabarani. Sheria nzuri sana, mpaka ikutane na nyingine.

Veyula, kina mama watano walikuwa wakingoja na baiskeli za kuazima na vikapu vya zabibu za kuwapa wageni. Wa sita alisimama pembeni ameshika ile ya kijani. Sila aliinamisha macho, akaamkia kwa mbali, "Mbukwenyi," akaitikiwa kwa mbali. Filimbi ikalia, watu wakapanda, vumbi likawafunika. Vumbi lilipotua, barabarani walibaki wawili. Mkwe alikuwa anatembea, akisukuma baiskeli. Hatua hamsini nyuma yake, Sila alikuwa amekanyaga breki.

Hakuweza kumpita, hakuweza kumsogelea, hakuweza kumwacha. Mama akienda, naye anaenda; mama akisimama, naye anasimama, amekodolea macho ardhi. Jua lilikuwa la Dodoma, halina huruma. Kichwani alikuwa akimtukana kila mtu: waliouza za gia, Joel na ulimi wake mzito, mtamba mwekundu, na mama huyu aliyeona heri kusukuma chuma maili nne kuliko kukaa juu ya kazi ya mkwewe. Mbele huko kina mama watano walikuwa wameshageuka zaidi ya mara moja kutazama nyuma.

Na kwa kuwa hakuruhusiwa kutazama popote ila chini, alitazama chini. Kulikuwa na alama ya magurudumu, na pembeni yake nyayo. Mguu wa kulia ulikanyaga ukaacha unyayo mzuri, vidole na kisigino. Wa kushoto haukukanyaga hivyo. Uliburuzwa kwa kuzungushwa nje, ukaacha mkunjo mchangani, mkunjo baada ya mkunjo, mpaka alipokuwa mama.

Ndipo Sila alipoelewa. Fundi wa kupima miguu ya mji mzima, na goti hili lisilokunja hakulijua. Alikuwa amemheshimu mama wa watu mpaka hakumwona.

Mkwe alisimama. Hakugeuka. Aliinamia usukani, akasema kwa sauti ya kusikika:

"Wewe baiskeli. Mwambie fundi wako si dharau. Ningemtumia nani habari ya goti? Mkwe hatumiwi habari za miguu."

Sila naye akauinamia usukani wake. "Mwambie mkwe fundi ameona nyayo. Anauliza goti hilo limeanza lini."

Mkwe aliuinamia tena usukani.

"Mwambie lilianza siku ya ng'ombe."

"Ng'ombe gani?" Sila alisahau kupitia kwa baiskeli.

"Yule mwekundu. Alinibana kwenye nguzo za zizi jioni ileile walipoletwa. Mwambie ng'ombe wa mahari hasemwi, na binti alikuwa ameshaingia kwake. Nilimkataza Ruthu. Nilisema mume wake asije akawa anakula ugali wake kwa aibu."

Kwa hiyo Ruthu alijua. Alipima mguu, akafunga fundo la tatu, akameza la nne, kwa sababu kulitaja goti ni kumtaja mtamba. Na yeye Sila miaka yote hiyo amekuwa akimsimulia mtamba huyo vilabuni, akitaka watu wamhurumie.

"Mwambie mkwe," alisema, "fundi anaomba ajue goti linakunja mpaka wapi. Yeye amegeuka."

Akageuka kweli, akatazama alikotoka, Dodoma yote na vilima vyake. Nyuma yake alisikia pedeli ya kushoto ikipandishwa taratibu, ikasimama, na mama akivuta pumzi kwa maumivu. Kisha hatua, moja nzima na moja ya kuburuza, zikienda mbali. Alipogeuka, baiskeli ilikuwa imeegemezwa kwenye mti wa mgunga. Kwenye fremu, pale pedeli ilipogoma, mama alikuwa amepondea zabibu nyeusi ikaacha alama. Sila alipiga magoti, akapima kwa futi yake. Mkono wa pedeli ya kushoto ulitakiwa kuwa nusu ya mwenzake. Kazi ya saa moja. Mara tatu ameitengeneza, na haja ilikuwa saa moja.

Waliingia Makutupora hivyo: mkwe mbele kwa miguu, Sila nyuma akisukuma baiskeli mbili, kila moja kwa mkono wake. Watu walicheka. Hakuwa na la kuwaeleza, maana goti la mkwe halielezwi sokoni. Kabla wali haujapakuliwa, watatu kati ya wale kina mama watano walikuwa wamemwuliza Gaudence bei ya zile za gia. Ruthu, mwiko mkononi, alimtazama mumewe usoni, akaona, akainamisha kichwa. Sila alitaka kumkaripia, akakuta hasira yote aliyotoka nayo mjini haina mtu wa kumwangukia isipokuwa yeye mwenyewe.

"Nipunguzie moshi huo," ndilo neno pekee alilosema, akakaa karibu naye.

Mkono wa pedeli ulikatwa usiku haujaingia, maana baiskeli alirudi nayo mjini. Joel aliichukua. Wiki ikapita, mbili zikapita, na kila lori la zabibu liliposimama Majengo, Sila alitoka nje na spana mkononi akiitafuta rangi ya kijani juu yake. Haikuwapo.

Mwisho wa mwezi msafara ulitoka tena. Nje ya Veyula walikutana na mtu anayekuja kwa baiskeli, na Sila, akiwa wa mwisho, akamtambua kabla hajatazama. Aliteremka, akaingia porini kama ilivyompasa, akampa mgongo. Akasikiliza. Mnyororo ulipita ukiimba sauti moja, haukukwama, haukusita. Alisubiri mpaka hausikiki, ndipo akarudi barabarani na kuinama. Mwendeshaji anayehangaika huacha mistari miwili inayopishana. Huu ulikuwa mstari mmoja, na pembeni yake hapakuwa na unyayo.

Gaudence alirudi nyuma akihema, filimbi ikining'inia. "Vipi fundi, imekuharibikia?"

"Hapana," alisema Sila, na hakuinua uso haraka. "Imemkaa."