Kigae Kizima

...na sasa ni sabuni, kipande cha sabuni ya kufulia, Bwana Mohdhar amekichovya kwenye kikombe cha maji na anamzungushia kidoleni taratibu kama anayempaka mtoto dawa, na pete haitoki, imeng'ang'ania pale chini ya kifundo, dhahabu ya kutoka Mombasa yenye ua na vijiwe, vijiwe saba, Sundus amevihesabu kwa sababu hana pengine pa kuyaweka macho, akiyainua atamwona Bi Mwanaarabu, na akimwona Bi Mwanaarabu atatamka neno ambalo msichana hamwambii mama wa mchumba wake siku nne kabla ya nikahi, tena ndani ya duka la sonara, mlango wazi, wapita njia wakichungulia... "Usikaze mkono, mwanangu," anasema Bwana Mohdhar, "kidole kina akili, kikijua mwenyewe ana hasira huvimba," na Sundus anasema hana hasira, hasira ya nini, huku kidole kikimpwita hadi kwenye kiwiko. "Huko Siyu mwala nini," anauliza Bi Mwanaarabu kutoka kwenye kiti chake, "hata vyanda vikawa vinene hivi? Muhogo?" na anacheka, na Sundus anacheka naye, ya Rabi, amecheka, mdomo umejichekea wenyewe bila kumuuliza, mdomo huu huu ambao jana zahanati ulimfokea mwanamume mzima aliyemleta mkewe siku ya tatu ya uchungu, jana ulikuwa mdomo wa nesi, leo ni wa nani? "Si muhogo, Bi Mwanaarabu, ni uzi," anasema Bwana Mohdhar, "uzi wa pamba ukinywa maji ya bahari kisha ukakauka, hujikunja," naye Bi Mwanaarabu anaruka juu, "Uzi! Nimewaoza mabinti watatu kwa uzi, hakuna pete iliyorudi!" lakini Sundus anajua ni uzi, anaikumbuka siku ile ya posa, wanawake wa Amu wamejaa ukumbini kwao, mama yake, Tima, hajui aanze kumpa nani kahawa, na Wafaa, dada yake mchumba wake Faiz, akamshika mkono kama anayetazama hina, akamzungushia uzi mweupe kidoleni, akafunga fundo, akauchomoa na kuutia kwenye pindo la mtandio, na jioni wakarudi Amu kwa boti, bahari imechafuka, wakafika wamelowa mpaka nguo za ndani, Wafaa mwenyewe alisimulia akicheka, na uzi ukaanikwa kwenye msumari, ukakauka, ukapelekwa Mombasa kwa sonara wasiyemjua, na kutokana na kipande kile cha uzi kilichojikunja ikatoka hii, ua hili, pana kama kifungo cha koti, atavaaje glavu na ua hili, atamshikaje mtoto anayezaliwa, itabidi aivue kila mara na kuiweka mfukoni, na siku itakapopotea ataambiwa hakuitaka tangu mwanzo, na itakuwa kweli, hakuitaka, alisema anachotaka, alisema! Alimwambia Faiz waziwazi, wameketi kwenye benchi pale uwanja wa ndege wa Manda, Faiz anasubiri ndege ya saa nane ateremshe mizigo ya watu, Sundus akampa kitambaa kilichofungwa, ndani mna kigae cha sahani ya bibi yake, ile iliyokuwa kwenye kidaka cha ukuta miaka yote na ikaanguka siku ya mazishi yake wanaume walipokuwa wakitoa kitanda, sahani nzima ikawa unga isipokuwa kipande kimoja, cheupe, chenye bawa la ndege la rangi ya buluu, akamchorea nyuma ya bahasha, pete mbili za fedha, nyembamba, bapa, zisizokwaruza kitu, na kigae kikatwe pande mbili, nusu kwako nusu kwangu, Faiz akasema vizuri, akasema "wallahi vizuri sana, Sundus," akaikunja bahasha na kuitia mfuko wa shati... na yule pale amesimama mlangoni, bega moja ndani bega moja nje, simu mkononi, na kwenye kidole cha mkono unaoshika simu ipo pete, ya fedha, nyembamba, bapa. Aliivaa walipoingia tu. Aliinua mkono, akasema "Tazama, kigae kimekaa!" kwa furaha ya kitoto, na Sundus akatazama, na hakupata hata muda wa kuona vizuri kwa sababu Bi Mwanaarabu alikuwa amekwisha kufungua mkoba na kusema "Na wewe, ndoo hapa, lete mkono," na kusukuma, na kusukuma... "Wauma?" anauliza Bi Mwanaarabu sasa, na sauti imeshuka, si sauti ya dhihaka tena, amesogeza kiti, ameinama karibu hata Sundus ananusa udi kwenye buibui lake. "Nisikize, mwanangu. Mimi niliolewa na pete ya kuazima. Siku ya saba mwenyewe akaja kuitwaa, nimekaa na wageni, akanivua mbele za watu. Nikaapa, mke wa mwanangu hatavaa cha mtu." Na hapo Sundus anahisi hasira imekosa pa kukaa, kwa sababu amemwona, msichana yule wa zamani na mkono wake mtupu mbele za wageni, utamchukiaje, mtu aliyenunua ua pana namna hii ili lionekane tangu mlangoni, hamkomoi mtu, anaziba aibu ya miaka arubaini, lakini ni aibu yake, si yangu, kwa nini nizibe mimi kwa kidole changu... "Na mimi nilimwambia kijana," anasema Bwana Mohdhar, akifuta povu, kwa wema tu, kwa kutaka kuchangamsha, "nikamwambia bawa hili zuri lakini kubwa kwa pete moja, mchoro wasema pande mbili, nikikate? Nishaweka msumeno. Akaniambia la, mama amekwisha kununua ya bibi harusi, kiache kizima." Kiache kizima. Sundus anayageuza macho polepole hadi mlangoni, na Faiz amesikia, lazima amesikia, duka lenyewe halifiki hatua nne, anatabasamu, anaigeuza pete kwa kidole gumba, hana hatia usoni, hata chembe, na hilo ndilo linalomchoma kuliko kidole, kwamba huyu haibi, anapenda, alikiona kigae ni kizuri akakitaka kizima, alipenda kitu changu mpaka akakivaa, na hakupita mtu moyoni mwake kumwambia kuna nusu ya mtu mwingine. "Mama," anasema Faiz, "si bora Bwana Mohdhar aikate tu?" na Bi Mwanaarabu, "Ikatwe! Pete hini ikatwe kabla ya nikahi, watu waseme nini, kisirani gani mwataka kunitilia nyumbani?" na Faiz, "Haya... Sundus, wasemaje?" Ameuliza. Apewe haki yake, ameuliza, na amesubiri, Sundus amemwona akisubiri, labda kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, kisha macho yakarudi kwenye simu kama mtu aliyekwisha kujibiwa. Na kumbe amejibiwa. Ndivyo wanavyojibiwa wote, siku ya uzi alinyamaza wakasoma ndiyo, alipochekwa vidole alicheka wakasoma ndiyo, na Ijumaa baba yake, Yunusi, ataingia chumbani na mashahidi wawili kumuuliza kama anamridhia Faiz, na mama ameshamfunza inama, nyamaza, lia kidogo ukiweza, mwari akinyamaza sheria inahesabu ameridhia, na mashahidi watatoka wakitabasamu, ndivyo ilivyo, hakuna anayemdhulumu mwenzake, wote wanasoma tu kimya alichowaandikia yeye kwa mkono wake... Basi Ijumaa hatanyamaza. Wazo linamjia baridi, bila kelele, kama mtu aliyefungua dirisha. Hatanyamaza, hatainama, baba itabidi arudie swali maana hajazoea kusikia sauti mahali pale, na yeye atajibu kwa kinywa, mashahidi wasikie, watoke na jibu lilivyo. Atasema ndiyo au atasema la. Bado hajui lipi, anamtazama Faiz mlangoni na kwa kweli hajui, na kutojua huko hakumtishi, ni siku nne, na hizo siku nne ni zake. "Nyosha tena, mwanangu," anasema Bwana Mohdhar na kuchukua sabuni, na Sundus ananyosha.