Maji ya Wifi

Wifi yake ndiye aliyembandika jina la Bibi Hadubini, na majirani wote wakalidaka. Wawili hao walifuga kamba ubavu kwa ubavu, mabwawa yao yakivuta maji ya mfereji mmoja. Yeye alipima maji kwa hadubini kila asubuhi. Wifi alitegemea macho na pua.

"Maji yangu nayajua kama mwanangu," wifi alikuwa akisema. "Wewe endelea kuchungulia vidudu."

Wiki ile walikuwa wamerushiana maneno makali mbele ya mama mkwe, kisa sufuria iliyoazimwa ikarudi imeungua.

Asubuhi moja ya wiki hiyo aliweka tone la maji ya mfereji chini ya hadubini, akashtuka. Mwani wenye sumu. Haukuwa mwingi; kwa macho, maji yalikuwa yale yale ya siku zote. Ukiuwahi hivyo, kinga ni moja: funga lango, usiingize maji mpaka upite. Akatoka mbio, akafunga lango lake.

Kisha akashika simu kumpigia wifi. Akaikumbuka ile sufuria. Akaona jinsi atakavyochekwa.

"Si anayajua kama mwanawe," akajisemea, akairudisha simu mfukoni. Atampigia baadaye. Baadaye ikawa kesho.

Kesho yake ukelele wa wifi ndio uliomtoa ndani. Mfereji ulikuwa na rangi ya kutu. Bwawani kwa wifi, kamba walijazana pembeni, wengine wakirukaruka ovyo, wengi wamelala ubavu. Akanyakua wavu, akaingia majini na viatu vyake. Wakaopoa pamoja, ndoo baada ya ndoo, uvundo ukiwajaa puani.

"Mungu akubariki, wifi," mwenzake alisema, sauti imemkauka. "Pamoja na yote niliyokutamkia, wewe ndiye wa kwanza kuja. Kweli undugu ni kufaana."

Maneno yale yalimchoma kuliko matusi. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini akaushusha wavu.

"Niliuona jana asubuhi."

"Uliona nini?"

"Mwani. Nikafunga kwangu. Wewe sikukuambia."

Wifi aligeuka, akalitazama lile lango lililofungwa, kisha akamtazama yeye.

"Kwa ajili ya sufuria?"

Wifi akamtoa wavu mikononi, taratibu, akaendelea kuopoa peke yake.

Siku hizi, akiona chochote kwenye maji, humpigia wifi kabla hajaligusa lango lake mwenyewe. Wifi hupokea, husikiliza mpaka mwisho, husema "haya," hukata. Bwawa lake limepandikizwa upya na vifaranga vya kamba vinakula vizuri.

"Mpe muda," mumewe humwambia. "Yule dada yangu, namjua."

Jana alipopiga alisikia vyombo vikioshwa, na watoto wa wifi wakicheka. Akataka kuuliza hali zao. Alipopata ujasiri, simu ilikuwa imeshakatwa.