Kikaango cha Sahani ya Plau

Namnyaki hakununua kikaango bila kukigonga kwanza kwa kifundo cha kidole na kukitegea sikio. Cha kwanza alichopewa kilitoa sauti ya debe. Alikirudisha mezani bila kusema neno, maana vya namna hiyo alikwisha kutoboa vitatu tangu aolewe, na cha mwisho kilimwaga mafuta ya moto juu ya mafiga hata moto ukaruka na kuunguza nyasi za paa la jiko. Cha pili kilikuwa cha bati la pipa. Alikiinua usawa wa macho, akaona kitako kimebonyea upande mmoja.

"Hiki kitaunguza chakula upande huu na upande ule kikiache kibichi," alimwambia Mohinder Singh, mwenye karakana.

Mohinder hakubisha. Alikuwa fundi wa chuma hapo mtaa wa Ngarenaro, mjini, tangu kabla ya vita, na mnunuzi anayejua anachotaka alikuwa akimtambua kwa kumtazama tu. Aliinama, akatoa cha tatu chini ya benchi.

"Basi chukua hiki, mama. Hii sahani ya plau ya trekta. Tundu la katikati nimeziba kwa ribiti, mkono nimechomelea mwenyewe. Utakufa wewe, atakufa mkwe wako, hiki bado kipo."

Namnyaki alikigonga. Kiliitika kama kengele ya kanisa, naye akacheka kwa furaha.

Mume wake, Lemburis, alikuwa amesimama nyuma yake na kofia mkononi. Kwenye ukingo wa kile chuma aliona pengo dogo, la ukubwa wa ukucha. Pengo lile alilijua. Yeye, aliyeajiriwa kuendesha trekta, ndiye aliyekuwa kwenye usukani siku sahani ile ilipogonga jiwe la kusagia katika ua wa shemeji yake Loishiye, kaka wa Namnyaki. Hiyo ilikuwa miezi michache baada ya serikali ya kikoloni kuwahamisha watu wa upande wa kaskazini wa Mlima Meru ili ardhi yao iwe mashamba ya wazungu. Nyumba zilichomwa, kisha mwenye shamba mpya akataka palimwe pote. Palipokuwa na ua palilimwa. Palipokuwa na kaburi la mama yao Namnyaki na Loishiye palilimwa pia. Nyumbani Lemburis alisema kwamba wiki ile alishinda gereji akibadilisha oili.

Angeweza kusema kikaango hakifai. Lakini mkewe angeuliza kwa nini, na isitoshe, chuma chenyewe kilikuwa kizuri kuliko vyote.

"Kichukue," alisema.

Nyumbani kwao Poli, Namnyaki alikichoma kikaango kwa chumvi na mafuta ya ng'ombe mpaka kikawa cheusi tii. Jumamosi iliyofuata alikaangia vitunguu, jiko likajaa harufu ya udongo uliopata mvua ya kwanza. Alifungua dirisha. Wiki ya pili maharage yaliota ndani ya mafuta ya moto, yakatoa majani mawili mawili, ikabidi ayanyofoe yote kabla ya kutia nyanya. Binti yao Evaresta alilalamika kwamba mengine yalisalia na yalikuwa machungu. Mama yake akamwambia ale au alale na njaa.

Wiki ya tatu, kando ya ribiti, lilichipuka isale.

Isale hupandwa mipakani na makaburini, na ndilo jani analolishika Mmeru akienda kuomba radhi. Aliyeletewa hana budi kumsikiliza aliyelileta. Hili la kikaangoni lilikuwa na urefu wa kiganja na mstari wa njano pembeni mwa kila jani. Moto haukulifanya kitu. Namnyaki alikuwa anakaanga ndizi, akawa anazigeuza kwa kulizunguka.

"Hili ni isale la mama," alisema. "Nililipanda mimi, siku ya tatu baada ya mazishi."

Akamgeukia Lemburis pale kwenye kigoda chake.

"Trekta uliendesha wewe?"

"Nilitumwa."

"Sikuuliza nani alikutuma, Baba Evaresta."

"Niliendesha mimi."

Aibu ilimshika hata akatamani mkewe ammwagie yale mafuta, yaishe. Namnyaki hakummwagia. Aligeuza ndizi ya mwisho, akampakulia kama siku zote, kisha akavunja jani moja la isale na kuliweka kando ya sahani yake.

"Kesho mpelekee kaka," alisema. "Kwa mikono miwili."

Loishiye, aliyekuwa na zizi la ng'ombe arobaini, sasa alikuwa amepanga chumba mtaa wa Kaloleni, mjini. Jumapili baada ya ibada Lemburis alimkuta mlangoni akishona kiatu chake.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Dada hajambo?"

"Hajambo. Amenituma." Akajisahihisha. "Hapana. Nimekuja mwenyewe."

Akanyoosha isale kwa mikono miwili, akaeleza yote: trekta, ua, jiwe la kusagia, kaburi, na ule uongo wa gereji. Loishiye aliweka kiatu chini na kusikiliza mpaka mwisho.

"Limeota wapi?"

"Kwenye kikaango."

"Kinapika vizuri?"

"Vizuri sana. Hakiunguzi."

Loishiye alitikisa kichwa kukubali. Alilipokea jani, akaupitisha ukucha wa gumba juu ya mstari wa njano, kwenda na kurudi, kwa muda mrefu.

"Kesho una kazi?"

"Lori linakuja alfajiri."

"Mnalima wapi?"

Lemburis alitazama viatu vyake. "Pale pale. Tunarudia kabla ya kupanda ngano."

"Basi, shemeji, umeniletea ya jana na ya kesho pamoja. Ya kesho nitakusameheje, na hujaifanya? Na hiyo ya jana bado unaiendeleza." Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeelekeza njia. "Jani nalipokea, kwa sababu ni la mama. Ombi lako rudi nalo."

Kwa kuwa hakuwa tena na mpaka wa kupanda kitu, Loishiye alizoa udongo kando ya mfereji wa barabara, akaujaza kwenye kopo na kulichomeka jani humo. Kisha akamkaribisha chai. Lemburis alikunywa nusu, iliyobaki ikamshinda.

Alipofika nyumbani, Namnyaki alikuwa anasugua kikaango kwa majivu.

"Amepokea?"

"Amepokea jani."

Namnyaki alielewa. Lemburis aliketi, akasema kwa sauti ndogo kwamba kazi yenyewe angeweza kuiacha. Mkewe alitazama sare ya shule ya Evaresta iliyoanikwa kwenye kamba, akatazama bati jipya la nyumba yao kubwa. Hakusema aiache, hakusema asiiache. Aliendelea kusugua, na Lemburis, roho ikimsuta, alishukuru kwamba hakujibiwa.

Jumatatu alfajiri Namnyaki ndiye aliyemwamsha.

"Amka, lori litakuacha."

Alimfungia ndizi za kukaanga kwenye jani la mgomba. Lemburis alizila njiani, zikiwa na ladha ya udongo, na wenzake aliowagawia walizisifu.

Shambani isale lilikuwa limeota tena mahali pa kaburi, majani matano yenye mistari ya njano, peke yake katikati ya ekari zile zote. Lemburis alisimamisha trekta. Msimamizi akapuliza filimbi kutoka mbali. Lemburis aliteremsha plau, akakanyaga mafuta. Isale liliinama, likaingia chini ya udongo, naye akageuza kichwa kutazama nyuma kama dereva inavyompasa, akaona tuta limenyooka vizuri.