Maji Mekundu ya Bi Cadija

"Tumbo langu ni la chuma," alisema Bi Cadija, akishusha kasha la risasi kichwani. "Tangu nizaliwe halijanisumbua. Ukiacha jana. Na leo alfajiri, mara tatu."

Hakungoja wenzake wacheke. Alikwisha kuingia kichakani.

Walikuwa wanawake tisa, siku ya pili toka mto Ruvuma, wakiwapelekea wapiganaji wa uhuru risasi msituni. Jana walikunywa maji ya dimbwi lenye nyayo za nguruwe pembeni, na sasa watano walikuwa wakipishana vichakani. Albertina, mdogo kuliko wote, hakuweza hata kusimama. Kamanda wao, Zacarias, alilitazama kasha la binti huyo, likiwa limekaa peke yake, akasema asiyeweza kubeba atarudishwa kijijini Nhica.

Bi Cadija alijiona Nhica, anapeta mchele na kusikiliza magonjwa ya vikongwe wenzake. Afadhali kuhara.

"Niachie moto," alisema. "Maji yakichemshwa harudi mtu."

"Moto una moshi, mama. Ndege zitatuona."

"Kuni nitatafuta kavu, na nitachemsha ukungu ungali chini. Hao marubani wa Kireno hawaruki kabla ya kahawa."

Zacarias alijikuna shingo. "Siku tatu. Akiugua mmoja tu aliyekunywa maji yako, moto unazimwa, na wewe unarudi Nhica."

Basi kila alfajiri Bi Cadija aliwasha vijiti chini ya miti iliyoshonana. Maji aliyaacha yatokote mpaka amalize kumsengenya mumewe wa kwanza, na mume yule hakuwa wa kumalizika upesi. Aliwachimbisha wenzake choo upande wa mteremko, mbali na maji, na hakuna aliyegusa chakula kabla ya kusugua mikono kwa majivu. Albertina alipikiwa mchele kiganja kimoja katika maji mengi, chumvi kidogo, akanyweshwa kijiko kwa kijiko, hadi jioni alipoomba kitana. Bi Cadija akajua amepona.

Kisha katika sufuria kubwa alitumbukiza vipande vya gome, lile lile analotilia rangi ukindu wa mikeka kwao Tungue, pwani. Maji yakawa mekundu, machungu kama nyongo.

"Bila gome hili tumbo halishikiki," aliwaambia. "Hata mimi nakunywa haya haya."

Siku ya tatu makasha yote tisa yalikuwa vichwani. Lakini adhuhuri, walipopumzika, Zacarias alirudi toka vichakani ameshika mkanda mkononi.

"Mama, kesho hakuna moto. Tumbo limenikamata, na nimekunywa maji yako tu."

"Toa ulimi."

"Nini?"

"Ulimi, mwanangu. Sikuja kuuposa."

Akautoa. Ulikuwa mweupe, na utando wake kama wa uji uliolala. Bi Cadija akawageukia wanawake, nao bila kuambiwa wakatoa za kwao: ndimi nane, nyekundu kama mikeka ya harusi.

"Gome linashika ukindu, halitoki hata kwa kufua," alisema. "Litashindwa na ulimi?"

Zacarias, mtu wa bara, ambaye hakuwahi kujiuliza mkeka unapata wapi wekundu wake, alitazama buti zake.

"Yalikuwa machungu," alisema. "Na kijito kile cha jana kilikuwa kinang'aa."

"Kinang'aa, na nyani wamekaa kule kinakotoka. Keti. Albertina, nitolee chumvi kwenye furushi langu, tumkorogee kamanda maji ya chumvi."

Albertina akapekua. Badala ya chumvi alitoa kibuyu kidogo kilichofungwa kwa kitambaa. Alikuwa na kiu. Akapiga funda moja, akasita.

"Bibi, haya hayana gome."

"Hayo ya kutawadhia," alisema Bi Cadija bila kugeuka.

Albertina akakisogeza kibuyu puani. "Ya kutawadhia, bibi? Mbona yananuka moshi?"

Zacarias aliinua kichwa, akamtazama bibi mdomoni. Bi Cadija alianza kukoroga sufuria tupu, midomo ameibana kabisa.