Salamu ya Profesa

Mkono wa Profesa Godefroid ulikuwa na adabu kumpita mwenyewe. Kila tumbo lilipofunguliwa, ulitangulia kuzama, ukautafuta uvimbe na kuuminya polepole, kama anayeshikana mkono na mkwe. "Tunasalimia kwanza," angesema, na nusu ya wapasuaji wa Lubumbashi walijifunza kwake salamu hiyo, Lydie akiwemo.

Leo kisu kilikuwa cha Lydie. Profesa, mstaafu, alikuja kumsaidia kwa hisani. Mezani alilala Mama Émerance, Mkivu anayeuza nyanya kwa jumla, mwenye saratani kwenye mkia wa kongosho. Lydie alikwishaamua: kwanza aifunge mishipa inayoingiza na kutoa damu kwenye uvimbe, ndipo auondoe mzima. Ukiminywa kabla ya hapo, mbegu zake huenda zikatoroka na damu hadi kwenye ini. Hayo aliyasoma, akayasadiki. Kumwambia Profesa ndiko kulikomshinda. Tangu asubuhi alilitafuna neno hilo bila kulimeza wala kulitema.

Walilitazama ini: safi. Kisha Lydie akauona mkono wa Profesa ukishuka.

"Papa, bado."

"Bado nini, mutoto yangu? Nasalimia tu kidogo."

Kunda, muuguzi wa dawa ya usingizi ambaye mdomo wake haujui likizo, aliinamia mashine yake. Mzee akisusa, kisha mshipa ukapasuka, nani angemwokoa mgonjwa? Glavu iliendelea kushuka. Lydie akaweka kiganja chake katikati.

"Mama Émerance anauzisha nyanya, Papa. Muntu wa kufinyafinya mbele ya kulipa, anamufukuza."

Kunda akacheka, akajuta. Profesa hakucheka. Aliuondoa mkono, akashika chuma cha kupanulia jeraha, kazi ya wanafunzi.

Saa mbili zikapita kwa uzi na mafundo. Ateri kwanza, kisha vena, laini kama ngozi ya kitunguu. Vidole vya mzee viligonga chuma, tik, tik, na kila mlio ulimharakisha Lydie, naye akajikataza. Kosa la ukubwa wa sisimizi lingetosha kumwaibisha. Hatimaye uvimbe ukatoka mzima, pamoja na wengu, ukalazwa kwenye bakuli.

"Sasa, Papa," alisema, ushindi ukimwasha ulimini. "Sasa unaweza kumusalimia."

Profesa aliutazama sana. Hakuugusa.

"Lydie. Bale bagonjwa ba zamani," alisema kwa sauti ya chini. "Ule mwalimu wa Kambove. Ule bibi harusi wa Kasomeno. Miye nilibaminya bote, na bote balikufa."

Utani ukamkauka Lydie.

"Hatuwezi kujua, Papa. Pengine ugonjwa wenyewe tu."

"Pengine," alisema mzee. "Ile 'pengine' njo inanisumbua."

Tumbo lilikuwa bado wazi. Lydie akaomba sindano kwenye koleo lake, akamgeuzia mzee mpini.

"Unishonee, Papa. Miye nimechoka."



Profesa aliipokea, lakini hakuishusha.

"Nianzie wapi?" aliuliza, yeye ambaye hakuwahi kumwuliza mtu, akasubiri aambiwe.