Chaji ya Odeta

Dada yangu Odeta alikwenda Goma kuuza magunia kumi na mawili ya dagaa, kama kawaida yake. Safari hii vita vikaingia mjini akiwa huko. Redio ikasema umeme umekatika, mabomba hayatoi maji na makombora yanaangukia nyumba za watu.

Mama alimpigia simu usiku na mchana. Mjomba Obedi akapiga kutoka Sengerema. Wanawake wote tunaoanika nao dagaa hapa sokoni Mwaloni wakapiga. Siku mbili simu iliita bila kupokelewa. Siku ya tatu haikuita tena.

"Selina, uanze kujiandaa," Rebeka, jirani yetu kwenye vichanja vya kuanikia, alimwambia mama. Mama akaendelea kugeuza dagaa.

Siku ya sita ujumbe uliingia kutoka namba ngeni. Mama hajui kusoma, na mimi niliishia darasa la nne. Akanipa simu, wanawake wakanizunguka. Watu wakinitazama sauti hunikauka, kwa hiyo nilisoma kwanza kimya, polepole. Kisha nikacheka.

"Wewe mtoto, dada yako kapotea unacheka?" Rebeka akanikemea.

Nikasoma kwa sauti: "Mama shikamoo. Ni Odeta, mimi mzima. Mmenimalizia chaji kwa kupigapiga na umeme hakuna. Hii simu ya muuguzi, ndiyo wanaombea dawa, na jenereta ya hospitali inawashwa kidogo tu. Tumejikinga humu hospitalini, tumejaa mpaka sakafuni. Maji tunachota ziwani. Dagaa nimewagawa kwa majeruhi na watoto. Njia ikifunguka nakuja. Msipige hapa."

Mama akakaa chini palepale, juu ya dagaa wa watu.

"Magunia kumi na mawili kagawa bure!" Rebeka akasema, akifuta machozi. "Huyo ni Odeta kweli."

"Si uliniambia nijiandae? Jiandae wewe!" Mama alikuwa analia na kucheka. Halafu akainyakua simu. "Nampigia mara moja tu. Nisikie sauti."

"Mpigie, Selina!" wenzake wakasema.

"Hapana!" nilisema, kwa nguvu mpaka wote wakageuka. "Mama, hiyo simu ndiyo wanaombea dawa za majeruhi. Tusiimalize na yenyewe."

Mama akaishusha simu. Kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe.

"Basi kaa nayo wewe," akasema, akinirudishia. "Ikibaki kwangu nitapiga."

Nikaifunga kwenye pindo la kanga. Mara akaniambia niitoe, nimsomee tena, kuanzia kwenye shikamoo.