Sauti ya Bibi Mzinga

Kabla ya kuwa na kipindi chake mwenyewe, mtunzi huyu wa katuni alichora meno. Meno yenye mikono na miguu, yakicheza kwenye tangazo la dawa ya mswaki. Baadaye akachora sabuni zinazocheka na mbu wanaolia. Alipoolewa, mama mkwe alimvuta mwanawe pembeni na kumuuliza, kwa sauti iliyofika hadi jikoni, kama kweli mtu mzima anaweza kulipwa kwa kuchora mbu.

Sauti hiyo ndiyo iliyompa ulaji. Ilikuwa nzito, haina haraka, na kabla ya kila shambulio ilitanguliwa na "mh" fupi, kama ya mtu anayepima gunia kwa macho. Mtunzi aliichukua nzima nzima, akamvisha bata mzinga, akamhamishia bata mzinga huyo nyumbani kwa mwanawe aliyeoa njiwa. Watoto hawakuuliza ndoa hiyo ilifungwaje. Kipindi kikaitwa *Kwa Bibi Mzinga*, kikashika chati misimu minne mfululizo.

Shabiki wake mkubwa alikuwa mama mkwe mwenyewe.

"Mama yako mzazi ana moyo," alimwambia mkwewe, akifuta machozi ya kicheko. "Mimi ningechorwa hivi, tusingetazamana usoni."

Mume wa mtunzi, kila akisikia hayo, alikumbuka ghafla kwamba ana kiu, akatokomea jikoni.

Katikati ya msimu wa tano, msanii aliyeigiza sauti ya Bibi Mzinga alipata kazi ng'ambo na kuondoka. Vipindi vitano vilikuwa havijarekodiwa. Mkuu wa vipindi pale kituoni hakuzunguka mbuyu: visipofika mwisho wa mwezi, nafasi inapewa watu wa vikaragosi, na studio ya mtunzi na wachoraji wake wanne watafute pa kushika. Walijaribu wasanii wengine hadi fundi sauti akaanza kuota bata mzinga. Wote walifanya sauti ya kuchekesha, na Bibi Mzinga hakuwa anachekesha. Alikuwa anamaanisha.

Mama mkwe alikuwa mgeni wao wakati huo, amekuja kutibiwa macho. Mtunzi akamwomba. Mama mkwe akakubali kabla ombi halijaisha, akaja studio amevaa viatu vya harusini.

Mbele ya maikrofoni alitoa kisauti chembamba cha asali.

"Mama, usimwigize," mtunzi alisema. Alikaa naye kwenye chumba kile kidogo cha kurekodia, kwa kuwa yeye ndiye aliyemsemea Njiwa. "Sema tu kama unavyosema."

"Kwani mimi nasema kama huyu?"

Ng'ambo ya kioo, fundi sauti aliinamia vitufe vyake kana kwamba ndio kwanza anaviona. Mtunzi angeweza kumvika mama mkwe kilemba cha ukoka, wakaenda hivyo hivyo. Lakini kisauti kile kisingewafikisha popote.

"Ni wewe, mama. Tangu mwanzo ni wewe."

Mama mkwe alivua vipokea sauti masikioni, akaviweka juu ya meza taratibu.

"Mh," alisema. "Na mume wako anajua?"

"Anajua."

"Ndiyo maana kiu haimwishi. Kunichora, sawa. Shingo nyekundu, sawa, nitaizoea. Lakini vipindi vyote nimetazama, sijakosa hata kimoja. Huyu bibi ameshakuwa sahihi lini?"

Mtunzi alifungua kinywa ajitetee, akaanza kuvipitia kichwani. Bibi anasema, nyumba inapinduliwa chini juu, Bibi anaonekana amekosea, wimbo. Ndivyo alivyovijenga vyote.

"Ukuta wa chumba cha watoto," mama mkwe aliendelea. "Nilisema unavuja. Mkanicheka. Mkaubomoa, mkakuta nini?"

"Bomba limepasuka."

"Na kwenye katuni mkakuta nini?"

"Hatukukuta kitu."

"Hamkukuta kitu! Mtaa mzima wa ndege ukamcheka bibi wa watu." Aliubana mkoba kwapani. "Tafuta mwingine wa kuchekwa."

"Mama, hicho kimeshakwenda hewani, siwezi kukirudisha. Lakini hiki cha leo hakijachorwa. Midomo tunaichora baada ya sauti. Naweza kukibadilisha sasa hivi."

"Kinahusu nini?"

"Bibi anasema tawi lenye kiota litakatika."

"Linakatika?"

"Halikatiki."

Mama mkwe alishika kitasa cha mlango.

"Linakatika," mtunzi alisema, akachukua kalamu. Alifuta kurasa mbili za mwisho, akaandika upya akiwa amesimama. Mama mkwe alivivaa tena vile vipokea sauti, akamwambia Njiwa atoe vyombo kwenye tawi kabla hawajazikwa navyo, na fundi sauti akakaa wima kitini. Huyo hapo. Bibi Mzinga mtupu.

Wakafika mwisho. Zamu ya Njiwa.

"Mama, ulikuwa sahihi," mtunzi alisema kwa sauti ya Njiwa, ya puani. "Mimi ndiye niliyekosea."

"Imetoka mbio mbio," mama mkwe alisema. "Arudie."

"Kwangu iko safi, mama," fundi alijibu kwenye spika.

"Fundi, wewe una mama mkwe?"

"Hapana."

"Basi arudie."

Mtunzi akarudia. Mama mkwe akatikisa kichwa. Akarudia tena, polepole, akimtazama mama mkwe na si karatasi, na safari hii akasahau kubana pua.

"Hiyo haifai," fundi alisema. "Sauti si ya Njiwa."

"Hiyo ni yangu, iache," mama mkwe alisema. "Haya, mwanangu, sasa sema ile ya katuni."